Kabla Hajaonja Samaki

Alinikuta mulangoni nikimufunga Gracia kitambaa kipya mukononi. Hakupiga hodi. Kambo wa uwanja hapigi hodi kwa mutu anayeanika samaki kwake. Alikuwa amebeba beseni ya kuoshea samaki, ameifunika kitenge, na beseni ilikuwa inatikisika yenyewe. Gracia, mwenye miaka mitatu, aliiangalia ile beseni mara moja tu, akaenda kusimama nyuma ya mugongo wangu.

"Minaleta pole," Kambo alisema, akafunua.

Ndani kulikuwa na kitoto cha mbwa. Kilikuwa kidogo hata niliona panya kwanza, mbwa baadaye. Jicho moja lilikuwa limefunguka, la pili bado limeshikana, na kilikuwa kinanyonya kona ya kitenge.

"Pole ya nini, Kambo?"

"Ya mukono wa mutoto. Ile imbwa ya kwanza mi nilikosea, ninakubali. Nilikawia kuitoa kwa mama yake. Ilishaonja samaki, njo maana iliharibika. Hii nimeitoa mapema zaidi. Ona, hata macho haiyamaliza kufunguka."

Watu wa nyumba za kando wanasema nilipiga kelele mpaka waliokuwa wanavuta wavu wakasimama. Mimi sikumbuki kelele. Nakumbuka neno moja nililomwambia mwanamuke wa umri wa mama ya mama yangu, na sitaliandika hapa, kwa sababu Gracia alilishika siku ile na mpaka leo analitumia kwa kuku.

Kambo aliinama. Aliweka beseni kwenye kizingiti, akavuta kitenge chake kutoka mudomoni mwa kile kitoto, akajifunga, akaenda. Pole hairudishwi. Kwetu ukirudisha pole, ni kama umemwambia aliyeileta kwamba musiba ubaki kwake. Alijua hivyo vizuri. Aliniachia mbwa mulangoni na mila juu yake kama jiwe.

Nataka muelewe huyu ni mutu gani, kwa sababu ukisimama popote kando ya ziwa hapa Nchelenge, upande wa Zambia, na kuuliza, utaambiwa ni mutu muzuri. Ni kweli. Hasira yangu inaanzia hapo hapo.

Kambo, kwetu tuliotoka upande wa Congo, ni mama wa mama au mama wa baba. Yeye si kambo wangu wala wa mutu ninayemujua. Ni kambo wa uwanja. Uwanja ni kile kipande cha muchanga ambapo wanawake tunaanika chisense, vile visamaki vya urefu wa kidole cha mutoto ambavyo wafanyabiashara wanavusha kwa magunia. Hakuna biro ya serikali iliyomupa ule uwanja. Alianza kugawa nafasi zamani, watu wakazoea, na sasa akikuonyesha kidole mahali, hapo ndipo utakapoanika, na asipokuonyesha, utaanika juu ya kichwa chako. Ukija umechelewa anakupeleka upande wa mbuzi. Ukimujibu vibaya anakupeleka upande wa choo.

Anavaa koti la mvua la mwanaume, rangi ya njano, jua likiwa kali namna gani. Ndani ya mufuko wa kulia kuna tumbaku ya kunusa, ndani ya mufuko wa kushoto kuna pilipili kavu. Zamani alichanganya mifuko mara moja, kanisani, na wanasema mahubiri yalisimama. Anaimba sauti ya pili, sauti nzuri kabisa, laini, isiyofanana na kitu kingine chochote alicho nacho.

Yeye mwenyewe hali samaki. Mutu anayeishi kwa chisense, mwenye harufu ya chisense mpaka kwenye nywele, anakula maharagwe na sombe, majani ya muhogo, basi. Siku ya kwanza nilimupa sahani ya samaki kwa heshima, akaisukuma.

"Mulinzi akila, mwizi atakula nini?"

Wote walicheka. Mimi pia nilicheka. Nilikuwa mugeni, nimeolewa juzi, nilitaka nafasi.

Mimi nilimaliza sekondari, ng'ambo ya ziwa, kwa Kifaransa. Kambo aliijua hiyo habari kabla hajajua jina langu, na haikumupendeza. Kila nilipouliza kwa nini jambo lifanyike vile, aliwageukia wengine.

"Mademoiselle iko na swali. Bon. Somea zile chisense kitabu yako, tuone kama zitakauka."

Kuna mama mumoja wa uwanja mutoto wake alifariki wakati wa kuzaliwa. Aliporudi kazini, macho yamevimba, Kambo alimwambia mbele ya sisi wote, "Sasa mikono yako yote mbili iko bure. Anika." Nilitaka ardhi inimeze kwa haya ambayo haikuwa yangu. Lakini huyo huyo Kambo alibeba beseni za yule mama kutoka majini msimu ule wote, maji yakimutiririkia ndani ya koti, na mutu mwingine akijaribu kumusaidia alimufukuza. Yule mama leo ukimusema Kambo vibaya anakugeuzia mugongo. Ni hivyo alivyo. Anakuuma, halafu anakubeba, na wewe unabaki na deni la kubebwa.

Mimi pia alinibeba. Nilipojifungua mudogo wake Gracia, bwana yangu alikuwa Chisenga kwenye kambi ya wavuvi. Kambo alikuja na maji ya moto, akanikanda tumbo na mikono ile migumu, akaniimbia. Nilipomwambia nataka kumuachisha Gracia ziwa kwa sababu wawili wangenimaliza, alinitazama kama nimetema mate juu ya meza ya kanisa.

"Mutoto wa mutu anyonye mpaka aone haya," alisema. "Mutoto wa imbwa anyonye mpaka aone jua. Usichanganye."

Hapo nafika kwenye mbwa.

Uwanja wa chisense una maadui wengi: kunguru, mbuzi, paka, watu. Mbwa anawaweza wote, lakini mbwa naye anakula samaki. Weka mbwa alinde samaki, umeweka mwizi mwenye mukia. Kambo alilimaliza hilo tatizo, na hiyo ndiyo sifa yake kubwa kutoka hapa mpaka Puta. Mbwa wake wanalala katikati ya samaki, pua kwenye mukeka, na hawagusi hata kimoja. Wafanyabiashara wanaposhuka kutoka kwenye boti wanasimama kuangalia. Nimeona mwanaume muzima akimutupia mbwa wa Kambo samaki muzuri, mubichi, ili amujaribu, na yule mbwa akarudi nyuma akitetemeka.

Watu walisema ni dawa. Lakini Kambo hafichi, wala hana dawa. Aliniambia mwenyewe tukichambua takataka kwenye chisense, akiwa na furaha siku ile.

"Umri, mutoto wangu. Yote iko kwa umri. Mama imbwa anakula samaki pwani, anarudi, anatapikia batoto yake. Ile siku kitoto kinaonja, basi, samaki iko ndani ya damu. Unapaswa kukitoa mbele. Macho inafunguka leo, leo unakitoa. Kisijue mama. Kisijue ndugu. Kikujue weye na uji."

"Na akikua akasikia harufu?"

"Hapo njo kuna kazi."

Kazi niliiona. Anachukua kichwa cha samaki, anakiponda pamoja na pilipili mpaka macho yako wewe uliye mbali yanatoa machozi. Anakiweka ndani ya mudomo wa kitoto cha mbwa. Anafunga ule mudomo kwa vidole viwili, polepole, hata hakazi. Halafu anaimba. Anaimba wimbo wa kanisa, ubeti muzima, kwa ile sauti yake ya pili, huku kitoto kinajinyonga mapajani mwake, na hakiachi mpaka ubeti uishe. Kisha anakipangusa kwa koti, anakibusu kichwani. Kesho yake tena. Mpaka siku ambayo anakileta kichwa cha samaki kitupu, bila pilipili, na kitoto kinalia kabla hakijafika.

"Sipigi," aliniambia. "Sijapiga imbwa hata siku moja. Imbwa ya kupigwa inaogopa mutu. Zangu zinaogopa samaki."

Na mimi, mwenye sekondari yangu, nilikubali. Nilisema, ah, huyu mama ana akili. Alinipa mumoja kama anavyomupa kila anayeingia uwanjani, na mimi nikamuita Soja.

Sikuwahi kuwa na mbwa kabla, kwa hiyo sikujua ni nini kilichokosekana kwa Soja. Niliona tu kwamba hachezi. Mbwa wengine wa mutaani wanakamatana shingo, wanaviringishana, mumoja akilia mwingine anaachia. Soja alipokamata, alikamata. Mara moja alikamata sikio la mbuzi, na mbuzi akaenda bila sikio. Mara moja alikamata mulevi kwenye kisigino, na Kambo akasema ni pombe, mbwa hapendi harufu ya pombe. Hakuna aliyekumbuka kwamba yule mulevi alikuwa amebeba samaki.

Mbwa wa Kambo wengi wana habari za namna hiyo. Huyu aliuma shemeji aliyetoka kuvua. Yule aliuma mama mukwe akiosha sufuria. Kila habari ina sababu yake na kila sababu ni kosa la aliyeumwa. Mbwa wanaogopa samaki, walisema, hawaogopi mutu. Na hapa kwetu, niambieni, ni mutu gani asiyenuka samaki?

Gracia alikuwa amekula bukari, ugali wetu, na chisense. Alikula kwa mukono kama wote tunavyokula, na kabla sijamushika nimuoshe alitoka nje kumupapasa Soja kichwani, jambo alilolifanya kila siku. Ila kila siku alikuwa ameoshwa. Alimuwekea mukono puani.

Sitaandika nilichosikia. Nitaandika kwamba nilifungua ule mudomo kwa mwiko wa bukari, na kwamba Soja alikuwa anatetemeka mwili wote, kama siku zile za pilipili, na alikuwa haachi. Hakuna aliyemufundisha kuachia.

Kambo alifika mbio. Alimupakata Gracia, akaunyanyua ule mukono wenye damu, akaunusa.

"Alikula samaki?" aliniuliza.

Mutoto anachuruzika damu, na yeye anatafuta kosa la mutoto.

Kliniki walimuosha kwa sabuni na maji muda murefu, wakamufunga. Muganga, kijana mupole, aliniuliza kwa Kibemba kama mbwa yuko hai.

"Yuko."

"Bamayo, mama, mumufunge, musimuue. Tutamuangalia. Akibaki muzima siku zinazotakiwa, tunajua hana ule ugonjwa wa mbwa. Mukimuua, hatutajua."

Nilikimbia kurudi. Kambo alikuwa anatoka majini, koti limelowa mpaka kifuani, mikono mitupu.

"Nimeshamaliza," alisema. "Nilimufunga mawe ya wavu. Hatauma mutu tena."

Nilimwambia alichosema muganga. Alinusa tumbaku, akasema, "Haya. Mungu atajua."

Ugonjwa wa mbwa, kama hamuujui, unamufanya mutu aogope maji. Koo linakataa. Ukifika hapo hakuna sindano. Kwa hiyo nilipanda basi ndogo ya kwenda Mansa na mutoto mapajani na mwingine mugongoni, nikarudi, nikapanda tena, nikarudi, mpaka sindano zikaisha, na kila siku katikati nilikuwa nahesabu jambo moja tu: mutoto amekunywa? Mutoto wa miaka mitatu anakataa maji kwa sababu kikombe ni chekundu. Anakataa kwa sababu amekasirika, kwa sababu anacheza, kwa sababu tu. Kila alipogeuza kichwa, mimi nilikufa na kufufuka nikiwa nimesimama.

Na katika siku hizo hizo Kambo alianza kuja kwangu kuomba maji. Kila siku, jua likiwa juu. Anakaa kwenye ndoo iliyopinduliwa, koti lake la njano, anaita, "Gracia, mutoto wangu, mupe Kambo maji." Mutoto analeta kikombe kwa mukono muzima. "Onja kwanza, mama. Kambo hakunywi kabla mutoto hajakunywa. Onja. Mingi. Haya." Halafu anapokea, analowesha midomo, anaenda. Nilimuchukia kwa hilo kuliko yote. Niliona hata sasa, baada ya yote, lazima ahudumiwe. Nilimwambia bwana yangu aliporudi kutoka Chisenga kwamba yule mama amefanya nyumba yangu kuwa kisima chake.

"Muachie," bwana yangu alisema. "Ni mukubwa."

"Mukubwa wa nini? Mutoto wako vidole viwili havikunji."

"Naona. Lakini tukigombana naye tutaanika wapi? Samaki ninayovua utaiweka kitandani?"

Hakusema vibaya. Alisema ukweli, na nilimuchukia pia kidogo, na tukalala.

Wiki chache baadaye Kambo alileta ile beseni.

Kile kitoto nilikiweka ndani ya boksi na kitambaa. Nilikuwa sikipendi na sitawadanganya kwamba nilianza kukipenda. Kililia kama mulango usiopakwa mafuta. Nilipokaa kumunyonyesha mudogo, kilisikia harufu ya maziwa, kikatambaa mpaka ukuta wa boksi, kikagonga kichwa, kikagonga tena. Jicho moja wazi, moja limefungwa. Kilikuwa kinanitafuta mimi. Kambo alitaka hivyo: kisijue mama, kikujue wewe.

Mudogo wangu ameanza kuota meno. Siku ile aliniuma titi, kwa nguvu, nikapiga ukelele nikamuondoa. Akalia. Nikamurudisha, akanyonya polepole, macho juu yangu, akiangalia kama nitaondoa tena. Ndivyo Gracia naye alivyojifunza. Ndivyo kila mutu mwenye meno alivyojifunza: aliuma pale palipo na maziwa, maziwa yakaondoka. Nikamuangalia yule wa ndani ya boksi. Huyu atamuuma nani, na nani atamuondolea nini? Hana ndugu zake kando, awaume nao wamuume, ajue inauma kiasi gani. Mama yake hayupo wa kumunyima. Atajifunzia kwa mukono wa mutoto wangu mwingine, huyu anayeanza kutambaa.

Kule Chisenga kuna wavuvi wanaofuga mbwa bila elimu yoyote. Wanaacha. Mama mbwa mwenyewe, vitoto vikishakuwa vikubwa na meno ya kumuumiza, ananguruma, anasimama, anaondoka. Hapo ndipo watu wanachukua. Karibu miezi miwili. Mbwa wa kule wanaiba samaki, ni kweli. Watoto wa kule wana vidole vyote.

Asubuhi nilibeba beseni, nikapita nayo katikati ya uwanja, mbele ya wanawake wote, bila kuifunika, ili waone ninarudisha pole. Mumoja alisema taratibu, "Wee, mama Gracia, usifanye." Nikafanya.

Nyuma ya nyumba yake nilimukuta Kambo amekaa chini, miguu imenyooshwa, na mama mbwa amelala ubavu kando yake. Matiti yalikuwa yamejaa mpaka ngozi inang'aa. Kambo alikuwa anamukamua. Vidole viwili, vile vile vya kufunga mudomo, vilikuwa vinashuka polepole, na maziwa yalikuwa yanaruka kwenye muchanga, na muchanga ulikuwa unayanywa.

"Pole, mama," alikuwa anamwambia mbwa. "Pole, inauma, najua. Inaisha sasa."

Alinyanyua macho akaona beseni.

"Unarudisha pole yangu."

"Narudisha."

Nilikitoa kitoto, nikakiweka kwenye titi. Hakikuhitaji kuonyeshwa. Mama mbwa alinyanyua kichwa, akakinusa, akakilamba mugongo wote mara moja, akalaza kichwa tena na kupumua kwa nguvu kama mutu aliyetua muzigo.

"Umekiharibu," Kambo alisema. "Hakitafaa kitu."

"Kifae nini?"

"Kulinda."

"Kikae mbwa tu."

Alipangusa maziwa vidoleni kwa lile koti. Hakuwa amekasirika. Ningependa awe amekasirika.

"Unaenda Boma kunishitaki?"

"Naenda. Leo."

"Nafasi yako nitamupa mwingine."

"Najua."

"Utaniandikisha nini kule?"

"Yote."

"Usiseme ati ninapiga. Sijapiga imbwa. Useme hiyo pia."

Nilikuwa nimeshageuka kuondoka. Aliuliza nyuma yangu, kwa sauti nyingine, ile ya kanisani.

"Amekunywa leo?"

Mwanzo sikuelewa. Halafu nilielewa yote kwa mara moja: ndoo iliyopinduliwa, kikombe, onja kwanza, mingi, haya. Nikarudi nikasimama juu yake.

"Kumbe ulijua. Ulipomuingiza Soja ndani ya maji, ulikuwa unajua kwa nini anatakiwa hai."

"Kila mutu mwenye imbwa anajua."

"Ukamuua."

"Imbwa yangu ifungwe kamba kliniki, bantu wapite wanaangalia kama mwizi? Baseme imbwa za Kambo ziko na ugonjwa?" Akatikisa kichwa. "Hapana. Lakini nilikuja kila siku. Usiseme sikukuja."

Sikumupiga. Naliandika hilo kama yeye alivyotaka liandikwe lake. Mutu wa umri ule, amekaa chini, miguu imenyooshwa, maziwa vidoleni. Nilienda nikapanda basi ndogo.

Biro ya kule Boma haisomi Kiswahili. Nilisema kwa Kibemba changu kilichovunjika, muzee wa meza akaandika kwa Kingereza, akanisomea, akaniuliza kama ni sawa. Mahali pawili alisimamisha kalamu akaniuliza kama hilo nalo ni lalamiko. Nilimwambia aandike. Naliweka hapa kwa lugha yangu, jinsi lilivyo:

Mimi ni mama wa watoto wawili, ninakaa kando ya ziwa hapa Nchelenge. Ninamulalamikia mwanamuke anayesimamia uwanja wa kuanikia chisense.

Anatoa watoto wa mbwa kwa mama yao siku macho yanapofunguka, na anawagawa kwenye nyumba zenye watoto. Anawatia samaki na pilipili mudomoni ili waogope harufu ya samaki. Watu wote wa uwanja wananuka samaki. Mbwa wa namna hiyo alimuuma binti yangu mukono wa kulia, na vidole viwili havikunji.

Alimuzamisha yule mbwa kabla muganga hajamuona. Alijua kwa nini hakupaswa kuuawa.

Ninaomba kitoto cha mbwa kisitolewe kwa mutu kabla hakijafika miezi miwili na mama yake na ndugu zake. Ninaomba vile vilivyogawiwa mwezi huu virudishwe kwa mama zao kama bado wanavipokea. Ninaomba akatazwe kugawa mbwa. Siombi afukuzwe uwanjani.

Hajawahi kumupiga mbwa. Ameniomba niliseme hilo, na ni kweli.

Baada ya mutoto kuumwa alikuja kwangu kila siku kuomba maji. Hakuwa na kiu.